Dira Nyeupe za Kipini

Mama yangu Khadijo hamalizi kikombe cha chai akiwa ameketi. Atakunywa mafunda mawili, atakumbuka jambo, atainuka, na chai utaikuta baadaye dirishani ina inzi. Kwa miaka ishirini na sita ameuza maziwa ya ngamia Garissa, Soko Mugdi. Alfajiri gari la maziwa linapofika kutoka porini, yeye huwa amekwisha kusimama barabarani akilisubiri. Hufungua mtungi, hunusa, huonja kwa kifuniko, na akikunja uso mwenye maziwa anajua hana la kubishana.

Mimi ni bintiye wa kwanza, Kowsar, mwalimu wa Nairobi na mjuaji wa kila kitu. Niliposikia kwamba Hooyo, yaani mama, ana presha na daktari amemtaka apumzike, nilikata shauri palepale: tutampeleka likizo, na atapumzika apende asipende. Moyoni nilikuwa na la pili, ambalo nilimwambia mdogo wangu Abdihafid peke yake. Nilitaka Hooyo aache maziwa, ahamie kwangu. Wiki moja ya bahari ingemfunza kukaa kitako, na Nairobi ingefuata bila matata.

Hoteli haikuwezekana. Hooyo hali nyama asiyemjua aliyeichinja, na samaki kwake si chakula. Nikapata nyumba Kipini, kijiji kidogo pale Mto Tana unapoingia baharini: vyumba vitatu, baraza linalotazama maji, na jiko lenye sufuria na sahani zake. Unapanga kwa wiki, mnajipikia wenyewe. Kisha nikaenda Eastleigh nikamnunulia dira mbili nyeupe, yale magauni mapana ya kike, na mtandio mweupe, vyepesi, vya kufaa joto la pwani. Nilijisifu sana kwa kuchagua.

Tuliondoka mwezi wa Agosti, Abdihafid akiendesha, wanangu wawili nyuma. Hooyo alimwachia rafiki yake Sahara mahali pake sokoni, akapanda gari na mitungi mitatu ya maziwa, kopo la nyama ya kukaanga iliyozamishwa kwenye samli, na mbuzi. Mbuzi tulimshusha baada ya kuzozana nusu saa. Kabla hatujafika Hola alikuwa amempigia Sahara simu mara nne.

Asubuhi ya kwanza nilimpa dira na mtandio wake. Aliishika, akaisugua kwa vidole.

"Nyeupe?" akauliza.

"Kwa sababu ya joto, Hooyo."

Aliivaa, nikamketisha kwenye kiti barazani, nikamwambia hapa hashiki hata kijiko. Alitazama pale maji ya matope ya mto yanapokutana na bahari.

"Haya ndiyo yanayopita kwetu?"

"Ndiyo, ni Tana."

"Yametoka kote kule kuja kumwagwa kwenye chumvi," alisema, akageuza uso.

Siku ya pili hakutulia. Alitoka barazani hadi langoni, akarudi, akatoka tena, akauliza saa ngapi, akauliza tena kabla dakika kumi hazijapita. Wasiwasi wake ukaniambukiza, nami nikawa namfuata nyuma kama askari. Mara mbili nilimkuta jikoni ameshika kitunguu, mara mbili nikamnyang'anya. Mwishowe alinishtaki kwa Shuaib, mzee anayetunza nyumba ile, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mbwana Shuaib, hii jiko ni ya nani?"

"Ni yenu, mama. Wiki nzima."

"Basi ambia huyu mwalimu. Mimi nakatazwa kubika kama mtu mgonjwa. Fitu yote iko, na mimi nakaa tu!"

Shuaib alinitazama. Nilicheka, ila nilicheka peke yangu. Mchana huo wali wangu uliungua chini na juu ukabaki mbichi. Hooyo alikula matonge matatu kwa adabu, akanishukuru kama mgeni aliyepita njia. Afadhali angenitukana.

Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, nikamkuta ametulia. Ndiyo, ametulia! Kaketi barazani na dira yake nyeupe, mtandio mweupe, tasbihi mkononi, midomo ikicheza kidogo. Kiti alikigeuza akatazama ukuta, nikadhani anakimbia mwanga wa bahari. Nilimpiga picha, nikakimbilia sebuleni kumwonyesha Abdihafid.

"Tumemshinda," nikamwambia.

Aliitazama ile picha mpaka nikaanza kuudhika.

"Wewe unaona nini hapa?"

"Mama anapumzika. Kwani wewe unaona nini?"

"Mimi naona eda," alisema.

Baba yetu, Olow, alifariki miaka tisa iliyopita. Mimi nilikuja msibani siku tatu, nikarudi chuoni kwenye mitihani. Abdihafid alikuwa shuleni pale Garissa, akabaki nyumbani na kushuhudia yote. Miezi minne na siku kumi Hooyo alikaa ndani na nguo nyeupe, kama wajane wetu wanavyokaa. Chakula aliletewa, sokoni hakwenda, na kila alfajiri gari la maziwa lilipita nje akalisikiliza mpaka likapotea. Abdihafid aliniambia Hooyo aligeuza mkeka akawa anatazama ukuta, na jioni alihesabu siku kwa tasbihi.

Eda naijua, nani kwetu asiyeijua? Lakini niliijua kwa kuisikia. Yeye aliikaa, na mimi nilimnunulia sare yake Eastleigh, nikamfungia ndani, nikamkataza kazi, na nikampiga picha.

Nilirudi barazani nikachuchumaa mbele yake. Masikio yalikuwa yakiniwaka kwa aibu.

"Hooyo, unahesabu nini?"

"Siku," alisema kwa Kisomali, taratibu, bila hasira. "Zimebaki nne."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniletea kwa mapenzi. Ningekuambiaje, mwanangu? Kwamba umenivisha ujane?"

Nililia. Nalia kwa shida mimi, na nikilia nalia vibaya, kwa kelele. Hooyo alinipangusa uso na ule mtandio mweupe mpaka ukaingia wanja wangu, akaangalia lile doa jeusi, na nadhani lilimfurahisha.

Nilikwenda kupekua begi lake. Chini kabisa, chini ya kila kitu nilichompangia, kulikuwa na dira yake ya buluu ya sokoni, mikono imekakamaa kwa maziwa ya miaka na inanuka moshi wa kufukizia mitungi. Aliificha nisiione. Nilimletea, naye akaivaa kwa haraka ya mtu aliyechelewa gari.

Kisha akaingia jikoni. Alifungua makabati yote, akagongagonga sufuria, akainua moja juu.

"Hii nani ameiosha? Ameiosha au ameionyesha maji?"

Wanangu walikuja mbio kusikia bibi yao akigomba. Alimtuma Abdihafid atafute maziwa kwa wafugaji wa Kiorma nje ya kijiji, akamsisitizia ayaonje kwanza. Mmoja wa wanangu akapewa mchele achambue, mwingine akaambiwa asimame kando asiungue. Ndani ya robo saa nyumba nzima ilikuwa inanuka hiliki na vitunguu, nami nimesimama mlangoni sina kazi, sijui mikono yangu niiweke wapi.

Hooyo alikuwa amenipa mgongo, kisu kikienda mbio juu ya ubao.

"Na huko Nairobi, Kowsar," aliuliza bila kugeuka, "ungeniketisha siku ngapi?"

Kumbe Abdihafid hakuitunza siri yangu. Nilichukua kitunguu cha pili, nikasimama ubavuni pake, nikaanza kukimenya.