Jino Lililobandikwa kwa Gundi ya Viatu

Nilianguka na pikipiki kwenye barabara ya Nyangezi, jino langu la mbele likavunjika katikati. Kipande nilikiokota. Tonton, mjomba wangu, mdogo wake mama, hushona viatu pale nyumbani kwetu. Alikifuta, akakipaka gundi yake ya viatu na kukibandika.

"Cheka tuone," alisema. "Ee! Bwana arusi huyu!"

Nilicheka kweli. Jumapili niliimba kwenye korali ya kanisa bila kuficha mdomo, na mimi ni mtu wa haya.

Baada ya miezi michache fizi ilivimba, ikaanza kutoa usaha. Mama alinipeleka kwa daktari wa meno. Nilichotaka ni kimoja tu, kwamba jino libaki. Daktari aligonga jino kidogo, akaacha.

"Nani alikuwekea hii?"

"Tonton."

"Ungeniletea kipande siku ileile, ndani ya maji, ningekibandika mimi mwenyewe. Sasa muzizi imeoza. Tunatoa."

"Basi umupatie ingine, dokta," mama alisema. "Angali kijana."

"Mufupa nayo imelika, maman. Hata jino ya kufungia ndani ya mufupa haitashika. Iko ile ya kuvaa na kutoa, lakini akiimba itacheza."

Nilifungua mdomo, daktari akaling'oa. Gundi ilikuwa bado imeshika vizuri.

Jumapili iliyofuata sikwenda kuimba. Tonton hakuniuliza kwa nini. Yeye pia alibaki nyumbani, na mpaka misa ikaisha hakugusa kiatu hata kimoja.