Mtoto, Onja Kwanza

Shangazi yangu, dada wa baba, hakuwahi kunywa chai ya mama yangu. Nasema hakuwahi. Tangu nipate akili, akija kwetu mtaa wa Berea, huku kwa Wazulu tulikokimbilia, alikuja na chupa yake ya chai, ile ya kijani yenye kifuniko kilichopasuka. Aliiweka chini karibu na mguu wake, na mama akaleta vikombe kama vile hajaiona. Shangazi alisema, asante wifi, kisha akamimina ya kwake. Ya mama ilibaki kwenye birika mpaka ikapoa, tukainywa sisi watoto.

Mjomba naye, kaka wa mama, anakaa Pinetown. Huyo hali wala hanywi kitu kilichopita mikononi mwa baba. Baba akimkaribisha soda, mjomba anaangalia kwanza kama kizibo kimefunguliwa. Soda ya dukani, jamani! Soda iliyotoka kiwandani huko huko kwao Pinetown!

Sababu ni kwamba baba ni Mhutu na mama ni Mtutsi. Ndiyo hivyo, hakuna cha zaidi. Watu wa damu mbili kama mimi, Warundi wana jina la kutuita, Hutsi, na wakilitamka wanacheka. Mimi sijawahi kuona kinachochekesha.

Sasa nieleze jambo moja, maana ndilo lililonikalia kooni maisha yangu yote. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza. Akileta mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake, yeye ndiye anayevuta funda la kwanza mbele ya wageni, ili waone hakuna sumu, wanywe kwa amani. Ni desturi ya heshima na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na walichoifanyia nyumbani kwetu.

Funda la baba halikumtosha mjomba. Alisema, mtu anaweza kuwa amekunywa dawa ya kuzuia sumu kabla. Na kijiko cha mama hakikumtosha shangazi, alisema hivyo hivyo, maneno yale yale. Siku ambazo hakuja na chakula chake, au kinywaji kilikuwa cha sherehe ambacho huwezi kukikataa bila kuaibisha watu, ilibidi apatikane mwonjaji ambaye pande zote mbili zingemwamini. Mtu ambaye mama hawezi kumpa sumu, na baba hawezi kumpa sumu. Mimi hapo, kifungua mimba.

"Mtoto, onja kwanza."

Waliniita hivyo tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Nilikuwa naacha mchezo, naingia sebuleni, navuta mrija wa pombe au nameza kijiko cha maharage, halafu nasimama katikati. Wote wanakaa kimya wananiangalia. Sikujua wanaangalia nini. Nilidhani wananipenda sana, nami nilikuwa nasimama wima, nimejaa furaha, mdomo unanuka pombe. Halafu mjomba anasema, "Haya, nenda kacheze," na watu wanaanza kula.

Siku moja nilitapika. Nilikuwa nimekula magwinya, yale maandazi ya barabarani, mchana kutwa na watoto wenzangu wa Kizulu, yale ya mafuta mengi, na mapera mabichi juu yake. Kisha nikaitwa kuonja mboga za mama mbele ya shangazi. Zilikuwa bado mdomoni yote yakatoka. Shangazi alisimama, akachukua mkoba wake, akamwambia baba, "Nilikuambia mimi." Hakunishika hata paji la uso. Nilikuwa nimeinama palepale kwenye zulia, na yeye akanivuka akaenda zake.

Mama alisugua sufuria ile mpaka jioni huku akilia. Ilikuwa sufuria safi.

Wote wawili wana majeraha yao, sikatai. Wazazi wa mama na mjomba waliuawa na majirani waliokuwa wakisaidiana kulima. Mume wa shangazi alichukuliwa na askari akiwa ameshika mkate mkononi, hakurudi. Nimesimuliwa hayo tangu mdogo, kila mmoja kivyake, kila mmoja akinishika mkono niseme kwamba nimesikia. Nimesikia. Babu na bibi ni wangu, na mume wa shangazi aliyechukuliwa na askari ni wangu pia. Kwa hiyo mwenzangu ana msiba mmoja, mimi nina misiba yote, na bado mimi ndiye ninayeambiwa sielewi!

Kuna mwaka wenyeji walitukasirikia wageni, wakachoma vibanda. Meza ya shangazi ya viazi pale soko la Warwick ilikwenda na moto, na mjomba alifukuzwa chumbani kwake Pinetown. Waliokuja na rungu hawakuuliza nani Mhutu nani Mtutsi. Kwao mgeni yeyote ni kwerekwere, na kwerekwere ni kwerekwere, basi. Tukajikuta wote kwenye ukumbi wa kanisa, magodoro chini, akina mama wa Kizulu wakitupikia uji kwenye sufuria kubwa. Shangazi alikula. Mjomba alikula, akaongeza. Hakuna aliyeniita nionje! Uji wa watu wasiowajua, ambao ndugu zao walikuwa nje wanawatafuta na mawe, ulipita kooni vizuri kabisa. Mambo yalipotulia tukarudi Berea, shangazi akaja kutusalimia. Alikuja na chupa ya kijani.

Eish. Nikikumbuka hilo nasikia joto mpaka masikioni.

Niliolewa na mtu wa Kigoma. Mjomba alimpima kwa macho, shangazi akampima kwa macho, wakamsema kwa Kirundi mbele yake hapo hapo, pua yake, urefu wake, ni wa upande upi. Mume wangu ni Muha. Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake. Alisikiliza yote ametulia, kisha akawajibu kwa lugha yao, "Mimi ni wa upande wa Ziwa, wakubwa zangu." Mwanamume huyu ananichekesha, Mungu ambariki.

Kisha tukapata mtoto wa kike.

Desturi ya kwetu, mwanamke akijifungua anaendewa na ndugu, wanakuja na vinywaji na vyakula kumpongeza na kumwona mtoto. Mama alikuja kwangu mapema akiwa na mpango wake, ule ule wa siku zote. "Mwanangu, tufanye Jumamosi waje wa baba yako, Jumapili waje wa kwetu. Hivyo ni vizuri, hakuna maneno."

"Mama, mtoto ni mmoja."

"Najua ni mmoja."

"Basi na siku ni moja."

Alinitazama kama nimemtukana. Lakini alikwenda Warwick kununua mtama, akapika pombe kwa ustadi wake. Siku yenyewe ikafika. Mtungi haukuwa mtungi, ilikuwa ndoo nyeupe ya plastiki iliyofungwa kitenge. Mirija ndiyo ilikuwa ya kweli, ililetwa na mtu kutoka Bujumbura. Sebule yangu ni ndogo, kwa hiyo hata kama walitaka kukaa mbalimbali hawakuweza. Shangazi na mjomba walikaa kwenye kochi moja, katikati yao ameketi mdogo wangu wa kiume, maskini, amejibana mabega. Chupa ya kijani ilikuwa mguuni.

Mtoto alizungushwa. Shangazi akampokea, na kabla hajamwombea chochote, kidole kikaenda puani. Akaifuata pua ile kutoka juu mpaka chini. Mjomba alisogea naye kuangalia. Nikauma meno, nikijiambia, leo ni siku ya mtoto.

Baba akafungua ndoo. Akainama ashike mrija wake wa kwanza, mzee mwenye mvi, mume wangu alikuwa amemwachia heshima ya mwenye nyumba. Mjomba akainua mkono.

"Subiri, shemeji. Mama, onja kwanza."

Mama ni mimi, ndivyo anavyoniita. Nilikuwa nimekaa na mtoto titini.

Kisha akajipiga paji la uso. "Ah, ananyonyesha, pombe hawezi. Haya, si neno, mwonjaji mpya yuko hapa tayari! Tumngoje tu aote meno."

Wakacheka. Wote wakacheka, shangazi na mjomba kwa pamoja, shangazi akampiga mjomba kofi gotini kwa kicheko. Tangu nizaliwe sijawahi kuwaona watu hawa wawili wakicheka kitu kimoja.

Sijui mtoto nilimpa nani. Nilijikuta nimesimama.

"Mwanangu haonji kitu cha mtu."

"Ni utani tu," alisema shangazi.

"Utani? Na mimi nilikuwa utani?"

"Keti, mama," alisema mjomba. "Wewe mzazi, usijichoshe."

"Sikai. Mjomba, nikiwa mtoto ulinipa mrija ukaniangalia. Ulikuwa unangoja nini?"

Nikamgeukia shangazi.

"Shangazi, ulinipa kijiko. Ulikuwa unangoja nini? Niambieni, niko hapa. Mlikuwa mnangoja nianguke?"

"Hakuna aliyetaka uanguke!" Sauti ya shangazi ilipanda. "Nimekubeba mgongoni mimi!"

"Lakini mlingoja. Kama mliamini kuna sumu, mlimpa mtoto. Kama hamkuamini, basi mlimtukana mama yangu na baba yangu bure, miaka yote hiyo, ndani ya nyumba yao. Chagueni moja. Mimi nataka kusikia moja tu."

Mjomba alianza kusema kwamba mimi sijui waliyoyaona. Nikamwambia nayajua, mmenilisha hayo pamoja na hayo maharage. Nikasema kuanzia leo kwangu hakuna mwonjaji. Anayetaka kunywa anywe. Asiyetaka, mlango uko wazi, na mtoto huyu hatamwona tena mpaka atakapokubali kunywa bila mwonjaji.

Mjomba alichukua kofia yake. Kreti ya soda aliyoileta kama zawadi aliiangalia, akaiacha. Shangazi aliinama akashika chupa yake, akaikumbatia kifuani, akatoka bila kuaga. Wengine wakafuata, huyu anasema taxi zitakwisha, huyu anasema kichwa kinamuuma. Kumbe ilikuwa alasiri, jua bado kali.

Tulibaki sisi wa nyumbani na ndoo imejaa. Mama analia. Baba akavuta kiti, akashika mrija, akanywa, funda refu. Akafuta sharubu.

"Mimi nakula mkononi mwa huyu mwanamke tangu kambini kwa wakimbizi," alisema. "Asubuhi na jioni. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekufa."

Alisema taratibu tu, hajamkasirikia mtu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye kiti siku zote, unakunywa chai yake na kusoma gazeti, na hakuna aliyeutaka.

Mjomba mpaka leo hajaja. Ananitumia salamu kwa watu.

Shangazi alipiga simu mwezi uliofuata. Akauliza mtoto analala vipi. Nikamwambia njoo umwone, lakini chupa iache. Alikata simu. Nikajua basi, imekwisha.

Jumamosi hiyo akagonga mlango. Mikono mitupu, mkoba tu. Mama alikuwa kwangu ananisaidia kufua nguo za mtoto. Mama akaenda jikoni, akaleta chai ya maziwa na tangawizi, akamwekea mbele, akakaa.

Shangazi alikishika kikombe. Hakukiinua. Aliuliza habari za mume wangu, akauliza habari za kazi, akasema Warwick biashara ni mbaya. Chai ikapoa. Mama akaichukua, akaipasha, akairudisha inafuka. Shangazi akakishika tena. Macho yake yakaja kwangu, nami nilijua yanataka nini. Nikaangalia pembeni, nikaanza kukunja nepi.

Hapo ndipo mama, mama yangu mwenyewe, aliponiambia kwa sauti ndogo ile ile ya zamani, "Mwanangu, si umwonjee tu shangazi yako."

"Hapana, mama."

"Funda moja tu."

"Hapana."

Nepi ikanidondoka. Shangazi alinitazama, akamtazama mtoto aliyelala kwenye kochi, kisha akainua kikombe kwa hasira, kama mtu anayekunywa dawa chungu, akapiga funda kubwa.

"Yoo! Inaunguza!"

Akaruka juu, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Mama akakimbia jikoni, akarudi na bilauri ya maji, maji ya bombani kwetu, bilauri yetu, mkono wa mama. Shangazi aliidaka akanywa yote bila kupumua, akaomba nyingine, akanywa nayo. Nusu ya ile ya pili ndipo akakumbuka. Nilimwona akikumbuka. Akaishusha taratibu, akaitazama ndani.

"Pole, wifi," alisema mama. "Niliipasha mno."

"Si neno, wifi," alisema shangazi, na ulimi umevimba.

Mama alikuwa anatabasamu, anafuta macho kwa kanga. Nilitakiwa nifurahi na mimi, si ndiyo? Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikashika sinki kwa mikono miwili, maana nilikuwa na hasira kuliko siku ile ya ndoo. Bilauri moja ya maji. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, miaka yote ile.