Neno Moja Kwenye Fomu ya Zulia

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa benki mjini Kasulu, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kujaza fomu za kutuma fedha nje ya nchi. Zilikuwa chache, na zilijazwa kwa Kiingereza. Mimi niliyekulia Heru Juu, Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni, niliona fahari kuandika maneno yatakayosomwa ng'ambo.

Siku moja akaja mzee mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Baba yake alitoka Tanga, lakini yeye alizaliwa papa hapa, na Kiha chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Waumini wa msikiti wao walikuwa wamechanga muda mrefu wanunue zulia jipya, naye ndiye aliyetumwa kumlipa muuzaji wa Dubai.

"Shikamoo, Mzee. Tuandike malipo ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Andika zulia la Kiajemi. Lile la maua maua."

Nikaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa zilizonyooka, nikagonga muhuri.

Wiki iliyofuata fedha hazikuwa zimefika Dubai, wala hazikurudi Kasulu. Meneja akanionyesha ujumbe kutoka makao makuu. Malipo yalikuwa ya dola, kwa hiyo yalipitia benki moja ya Marekani, na hiyo benki ilikuwa imeyashikilia. Iliuliza zulia limetengenezwa nchi gani, na kama kuna Mwirani yeyote anayehusika.

Sikuelewa. Nikampigia simu dada mmoja wa makao makuu, Dar es Salaam, aliyeshughulikia mambo hayo.

"Iran imewekewa vikwazo," akasema. "Mambo ya nyuklia na silaha. Nchi ikizuiwa silaha, hufungiwa na njia za fedha pia, maana silaha hainunuliwi kwa maneno. Sasa wewe umeandika Uajemi, na Uajemi ndiyo Iran."

"Lakini nani huko Marekani amekaa anasoma fomu ya Kasulu?"

"Hakuna mtu. Ni mashine. Inapitia kila neno, ikikuta linalofanana na yaliyo kwenye orodha yake, inasimamisha. Mtu anakuja baadaye, kuuliza."

Nikamwomba anitumie orodha hiyo kwa barua pepe. Nilitegemea ukurasa mmoja au miwili. Ilikuwa ndefu kama kitabu. Niliisoma wakati wa chakula cha mchana, ugali ukipoa. Kulikuwa na watu, kampuni, hata meli. Meli moja ilikuwa na majina manne, kila moja limeandikwa kama jina la mtu anayejificha. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba meli inaweza kukatazwa kulipwa.

Jioni nikaenda dukani kwa mzee. Nilimweleza yote, na kwamba neno lile niliandika mimi bila kuuliza zaidi. Nilikuwa na aibu.

"Kwa hiyo wanadhani tunanunua bunduki?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Wanataka kujua zulia limetoka wapi tu."

"Mbona hata mimi sijui."

Akaingia stoo, akarudi na kipande cha mfano alicholetewa na muuzaji. Tukakigeuza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nyuma kulikuwa na lebo ndogo nyeupe ya kiwandani. Nikaisoma mara mbili.

"Ubelgiji, Mzee."

"Ubelgiji! Sasa kwa nini tunaliita la Kiajemi?"

"Si wewe uliyeniambia?"

"Na mimi nimekuta watu wanaliita hivyo." Akacheka mpaka akavua miwani.

Tuliipiga picha ile lebo, tukaandika barua, na muuzaji akatoa yake. Baada ya wiki tatu fedha zikapita. Zulia lilikuja baadaye kwa lori lililopitia Kibondo, turubai limejaa vumbi jekundu, na mzee akaniita nikalione. Nilisimama mlangoni mwa msikiti, viatu mkononi, nikiwaangalia wanaume wakilikunjua kutoka ukuta hadi ukuta.

Mzee alikuja akasimama karibu yangu.

"Nimekuwa nikiwaza," akasema. "Wale wafumaji wenyewe, wa huko Uajemi. Siku hizi wanamuuzia nani?"

Nikamwambia sijui. Kesho yake nilianza kuulizia.