Bangili ya Bibi Chini ya Mkorosho wa Mpakani

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaandikisha watoto wao darasa la kwanza, na somo lililonikaa kichwani kuliko yote ni la sumaku. Kwa hiyo jirani yetu aliporudi kutoka machimboni Ruangwa na detekta ya kutafutia dhahabu, nilimwomba aniazime wiki moja. Dhahabu sikuitaka. Nilitaka bangili ya bibi.

Ilikuwa ya fedha, aliachiwa na mama yake. Aliipoteza shambani kwetu Kikole, zamani, mama yangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Aliifunga kwenye pindo la khanga, akapalilia mikorosho, jioni pindo likawa tupu. Sasa mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Ijumaa ya pili, na kwetu binti huvalishwa bangili ya nyanya zake anapotoka. Bibi alikuwa amenunua ya dukani. Aliiweka chini ya godoro na hakuitaja.

"Mume wangu," aliniambia nilipovaa vile vidude vya masikioni vya detekta, maana mjukuu ndiye mume wa utani, "babu yako aliitafuta siku tatu kwa magoti. Wewe unaitafuta kwa redio?"

"Bibi, hii inasikia sindano hata ikiwa upande wa pili wa dunia."

"Basi iulize na meno yangu."

Siku mbili nilivuna vizibo vya soda vya kutosha kuezeka msikiti, jembe lisilo mpini, springi ya baiskeli, na kopo la samaki ambao nadhani waliliwa na Wajerumani. Kila mlio ulinirusha moyo, kila shimo likanicheka. Wapalizi wa shamba la pili wakaja kunitazama.

"Fundi, chimba hapo, pana meli."

Mmoja alinishauri nihamie kwenye magofu ya kale ya Kisiwani. Nikamwambia huko ukichimba bila kibali cha serikali, utakayefukuliwa ni wewe.

Siku ya tatu, chini ya mkorosho wa mpakani, mashine ililia kama mbuzi wa Idi. Nilichimba mpaka kiwiko kikazama. Likatoka kopo la maziwa lililozongwa kaniki iliyooza, ndani sindano saba zilizoshikana kwa kutu. Nilipogeuka kuwaonyesha wapalizi, hapakuwa na mtu wala kivuli chake.

"Umefukua fingo," alisema bibi taratibu, akitokea kati ya mikorosho.

Babu alilizika kama dawa ya kulinda korosho, ili mwizi akiingia azunguke humo humo shambani mpaka akutwe. Na mimi, msomi wa sumaku, nilikuwa nimelipakata.

"Aliyelitoa ndiye hulirudisha. Inama."

Niliinama nalo. Kopo likalala upande, kikadondoka kutoka chini ya zile sindano kitu cha mviringo, cheusi. Bibi akakiokota, akakisugua kwa khanga mpaka mahali pamoja pakang'aa. Akakaa chini kwenye majani makavu.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu anatambaa na mimi, ananipa pole."

"Kwa nini babu aichukue bangili yako, bibi?"

"Fingo hutaka kitu cha mwenye shamba, kitu chenye uchungu. Yeye alikuwa na nini? Shati moja." Akacheka mpaka akafuta macho. "Nikifika kwake atanieleza vizuri."

Nikashika kopo nilizike. Akanitazama mkononi.

"Vua saa."

"Bibi, hii nilijizawadia nilipofaulu mtihani."

"Ndiyo hiyo hiyo. Korosho zangu nimekwisha kula. Hizi zilizobaki ni zako na wanao, na shamba linataka cha mwenyewe."

Hakuna aliyewahi kuniambia shamba lile ni langu. Niliivua, nikaiweka kati ya sindano, nikashindilia udongo kwa viganja vyote viwili.

Ijumaa ile mdogo wangu alitoka na bangili nyeusi yenye doa moja linalong'aa. Bibi alikataza isisuguliwe zaidi. Mimi nilikuwa nauliza saa kwa kila mgeni. Mvua za kwanza ziliponyesha nikapanda miche ishirini ya mikorosho, nikaanzia kwenye ule mpaka.