Jani la Mgomba na Matundu Sita

Aibu hii naitangaza mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine, maana mpaka leo nikipanda kijijini kwetu Vudee kuna wazee wanaoniita Fundi Jani, na mke wangu akiniudhi (au mimi nikimuudhi, ambayo ndiyo mara nyingi) hunitajia jina hilo hilo.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na mimi ndiyo kwanza nimerudi nyumbani kutoka mashamba ya mkonge, ambako nilifanya kazi karakanani na kujiona najua chuma kuliko aliyekitengeneza. Kijiji chetu kikapewa mashine ya kusaga. Mpaka wakati huo mama yangu alikuwa akishuka hadi tambarare na debe la mahindi kichwani, anasaga, anapanda tena na unga, siku nzima imeisha na shingo haigeuki. Kwa hiyo mashine ile tuliitaka kweli. Tatizo ni kwamba Bwana Maendeleo wa wilaya alituwekea sharti: Jumamosi anakuja, akikuta haisagi anaipeleka kijiji cha Hedaru, wao wanaisubiri.

Mzee Kajiru, fundi mwashi wetu, alikuwa amekwisha kujenga msingi wa injini, na ndani ya saruji amesimamisha bolti sita zinazochungulia juu. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuchukua vipimo vya bolti hizo, kushuka mjini Same, na kutobolesha bamba la chuma la kukalia injini matundu sita yatakayoingia juu yake sawasawa. Mzee akaniambia, "Chukua ubao huu, mwanangu, tuupigie alama, uende nao."

Sasa nitembee na ubao begani mpaka barabara kuu, mimi, na shati langu la pasi? Rula ya chuma nilikuwa nayo, lakini mvua ilikuwa inanyesha na lori halimsubiri mtu, basi macho yangu yakaangukia mgomba. Nikakata jani bichi, pana, nikalilaza juu ya bolti na kulibonyeza, zikalitoboa matundu sita safi kabisa, nikalikunja na kulibana kwapani. Nilijiona mtaalamu. Mzee Kajiru alinitazama tu akasema, "Haya."

Kule Same jua ni lile mnalolijua. Siku ya kwanza karakana ilikuwa na foleni ya matrekta, nikaambiwa nisubiri, nikalitandika jani langu juu ya bati lisije likajikunja (hapo nilikuwa najipongeza kwa uangalifu). Kesho yake limekuwa la kahawia na limenyooka vizuri, nikafurahi. Mtobozi, kijana mmoja wa Kigoma, akaligeuza mara mbili mkononi.

"Ndugu, chuma unakipima kwa jani?"

"Wewe toboa tu, ndugu. Vipimo ni vyangu."

Akatoboa. Na niseme haki, alitoboa vizuri sana, pale pale jani lilipomwonyesha.

Alhamisi asubuhi bamba likapandishwa mlimani na wanaume wanane wakipokezana, wanawake wanaimba, watoto wa shule wameruhusiwa, mwenyekiti wa kijiji mbele. Nikaamuru liwekwe taratibu. Bolti mbili za kwanza zikaingia. Mbili za katikati zikagoma. Mbili za mwisho hazikufika hata ukingoni mwa matundu yake, zilipishana nayo kwa upana wa kidole cha mwisho. Wimbo ukafa mstari mmoja mmoja.

Hapo ningesema nimekosea, mambo yangeisha. Lakini watu wote wananitazama, mama yupo mstari wa mbele na debe lake la mahindi tayari, nami nikafungua mdomo nikasema, "Mzee Kajiru, bolti zako zimesogea saruji ilipokuwa inakauka."

Mzee yule amejenga nusu ya nyumba za pale. Alienda mgombani, akakata jani bichi, akalilaza juu ya bolti kama nilivyofanya mimi, akalibonyeza, akalitoa. Kisha akaniomba lile langu kavu nililorudi nalo na kuyaweka mawili chini ubavu kwa ubavu, mbele ya kijiji kizima. Langu lilikuwa limesinyaa mpaka mtoto wa darasa la kwanza angeona.

Watu walicheka, jamani. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu alikuwa anaangalia debe.

Nikasema kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie, "Bolti hazijasogea. Mzee Kajiru alikuwa sawa, nisamehe mzee wangu, nimekuvunjia heshima. Nimepima chuma kwa jani, na bamba nitalirekebisha hapa hapa." Hakukuwa na muda wa kurudi Same wala bamba jingine. Nikavua shati la pasi, nikachukua tupa ya mviringo, nikaanza kurefusha matundu manne, tundu moja baada ya jingine. Alhamisi yote. Ijumaa yote, viganja vimechubuka, watu wanapita wananiuliza kama nataka jani la kufungia kidonda. Sikuinua kichwa. Mashine hii haiendi Hedaru, ndiyo neno pekee nililokuwa nalo kichwani. Ijumaa alasiri Mzee Kajiru alikuja bila salamu, akashika upande wa pili wa bamba lisitikisike, na jioni likaingia.

Jumamosi mashine ilinguruma, mama akawa wa kwanza kumimina. Bwana Maendeleo akainama, akayaona matundu yangu marefu kama midomo. "Fundi, kwa nini haya hayako mviringo?"

Kijiji kizima kikatazama juu, mawinguni. Nikafungua mdomo, lakini Mzee Kajiru akaniwahi. "Ya kukazia mkanda unaozungusha kinu hayo, Bwana. Ukilegea, unalegeza nati, unasogeza injini, unakaza tena."

Na ndiyo ukweli, yanafaa kwa hilo, ila sisi sote tulikuwa tunalisikia kwa mara ya kwanza. Bwana Maendeleo akatoa daftari, akaandika, akasema vijiji vingine viwili vitatoboa kwa mtindo huu huu, na fundi wa kwenda kuchukua vipimo ni mimi. Nyuma yangu nikasikia mama anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, mpaka unga unamwagika.

Vijiji vile nilivifikia kwa miguu, na rula ya chuma mkononi na ubao begani, ubao mzito, barabarani, watu wakiniona. Sijapima tena kitu cha chuma kwa kitu kinachoota. Na pale ninapomaliza, hupima mara ya pili, hata mke wangu akisema chakula kinapoa.