Gego Lililotaka Kunizika

Nakumbuka msimu mmoja wa kuvuna pamba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa kijana wa hapa Nyahanga mwenye miguu mirefu na akili fupi. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana nilikukuta umeshika shavu ukaniambia, "Jino tu hilo, mzee, litapoa." Nilitamani nikuzabe kofi kwenye shavu la pili. Nikajizuia. Sasa kaa usikilize, na hiyo soda iweke chini.

Kwetu watu walisugua meno kwa kijiti cha mti kila asubuhi kabla ya kusalimiana. Baba yangu hakuitikia shikamoo ya mtu ambaye hajasukutua. Mimi nikaona huo ni ushamba. Nilikwenda duka la Mhindi mjini Kahama nikanunua mswaki wa plastiki, mwekundu, nikauchomeka kwenye mfuko wa shati kama karani na kalamu yake. Vijana wa rika langu wote tulifanya hivyo, ili wasichana kwenye ngoma wajue tumeendelea. Kuusugulia meno? Thubutu! Ungechakaa. Basi kijiti nimekiacha, mswaki ni pambo, kinywa kikabaki yatima. Mjinga yule alikuwa mimi, na hadi leo ananiudhi.

Gego la chini likaanza kuuma. Nikanyamaza, maana Baba alikuwa akijiandaa kwenda kijiji cha Runzewe kuniposea binti, nami sikutaka safari iahirishwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wenzangu wa shambani wakanifundisha tiba: chukua pamba, ichovye kwenye dawa ya kunyunyizia wadudu, ibane kwenye jino, mdudu wa jino atakufa. Mwanangu, nikafanya! Sumu ya shambani niliitia kinywani kwa mkono wangu mwenyewe. Ulimi uliungua, nikatapika, na jino halikupoa. Siku ya tatu shavu lilivimba, uvimbe ukateremka shingoni, homa ikapanda, hata mate yakanishinda kumeza. Pumzi niliivuta kwa shida. Niliogopa, nikajua nakufa.

Ndipo Baba akaja, akanishika taya, akanifungua kinywa kama alivyozoea kumfungua ng'ombe. Unajua kwetu ng'ombe wa mahari hapokelewi kabla hajatazamwa meno, na Baba alikuwa akiitwa hadi vijiji vya mbali kuyatazama. Alichungulia, akageuza uso kwa harufu.

"Ng'wanawane, mwanangu," aliniambia, "ng'ombe mwenye kinywa hiki ningemrudisha kwao. Asiyetafuna hali, asiyekula hana mwili. Nakagua meno ya mifugo ya watu, ya mwanangu sikuyatazama."

Machozi yakamtoka. Hasira yake ningeivumilia, lakini machozi yale yaliniumiza kuliko jino.

Akanipakia kwenye baiskeli hadi hospitali. Daktari alipasua, usaha ukatoka, gego likang'olewa pamoja na jirani zake wawili. Alimwambia Baba mbele yangu, "Usaha wa jino hauishii kwenye jino, mzee. Ungemleta kesho, ungekuja kuchukua maiti." Nililazwa wiki mbili. Huko Runzewe binti alikuwa ameshaposwa na mwingine, na sikuwa na uso wa kulalamika.

Sasa unanielewa au nirudie? Nimesema mpaka koo limenikauka. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kinywa ndicho mlango wa mwili. Uchafu ukikaa pale, fizi zinaoza, na maradhi yanaingia kwenye damu yakasumbue hata moyo. Mwenye ugonjwa wa sukari ndiyo kabisa, fizi mbovu humzidishia. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, sugua hadi nyuma kule kugumu kufikika. Huna mswaki, kijiti cha mti kipo, hakuna aliyekikataza. Punguza hayo masukari. Fizi ikitoa damu, jino likiuma, nenda hospitali, usiende kwa rafiki mwenye chupa ya dawa ya wadudu. Na kesho asubuhi tunakwenda wote, usiniambie una kazi.

Haya, inuka ukasukutue. Mungu akupe uzima, akupe uzee wenye meno yako mwenyewe, na akujalie watoto wasikivu kuliko wewe.