Mwalimu Asiyekula kwa Regina

Anatoli wa Kalinzi alikuwa na tumbo lisilojua ratiba. Lilimwanza akiwa kidato cha tatu: msokoto, kisha mbio, kisha damu. Daktari wa misheni alimwambia utumbo mpana una vidonda, na kwamba ugonjwa huo hauponi kabisa, mtu huishi nao kama anavyoishi na jirani mkorofi. Akampa vidonge, akamkataza mafuta mengi, maharage na pilipili. Sasa, Kigoma ukiondoa mawese na maharage, unabakiwa na nini?

Hata hivyo alifika mwaka wa pili wa chuo cha ualimu, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyejua. Darasani alikaa karibu na mlango. Vyoo vya mji alivijua kuliko bwana afya. Siku yenye jambo kubwa hakula kabisa mpaka jambo liishe. Ujanja huo ulimkondesha, lakini ulimtunzia siri. Aliona heri aitwe mwenye maringo kuliko kuitwa mwalimu wa kuharisha.

Mwaka tisini na saba, wakimbizi wakiwa bado wanashuka kwa maboti na mji umejaa malori ya misaada, alipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Buzebazeba. Mwalimu mkuu alimwombea chumba kwa Regina, mjane wa Kiha aliyekuwa mama lishe. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, na waliokula hapo ni madereva wa malori na wapagazi wa bandarini. Regina aliona fahari kumlisha mwalimu. Kila jioni alimwandalia benchi la mbele kabisa, watu waone.

Anatoli alimega mara mbili, akasukuma sahani. "Nimeshiba, mama."

Siku ya tatu Regina alikaa mbele yake, akamega tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwani, akala yeye kwanza, polepole, huku akimtazama. Kwao mwenye kukaribisha huonja, mgeni ale kwa amani. Anatoli alielewa, uso ukamwaka kwa aibu. Akajilazimisha kula matonge mawili zaidi, na kesho yake alitoka darasani mara nne.

Wiki tatu zilikwenda hivyo: mama anaonja, mwalimu anamega, sahani inarudi ndani. Mtaa nao una macho. Watu wakaanza kuulizana msomi huyu ameona nini kwenye chungu cha Regina. Anaogopa kulishwa sumu, wakasema. Wapagazi wakahamia mmoja mmoja kwa Asia, mama lishe wa ng'ambo ya barabara.

Anatoli hakuyajua hayo mpaka Alhamisi moja alipotoka shule mapema. Saa nane ilikuwa imepita, sufuria ya wali imejaa pomoni, na Regina alikuwa akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Shikamoo, mama. Watu wako wapi?"

"Marahaba. Wameenda kula pasipo na sumu."

"Sumu gani, mama?"

"Waniuliza mimi? Nimezika mume, nimezika mtoto, watu wakanyamaza. Sasa mwalimu ananikatalia chakula mbele ya mtaa mzima, wamepata la kusema." Aliacha kufuta. "Kama unaniogopa, mwana wanje, mwanangu, nitamwomba mwalimu mkuu akutafutie kwingine. Sitakuchukia."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Alitaka amnong'oneze pale pale yaishe, lakini kunong'ona kusingemrudishia mama wa watu jina lake. Waliosema walikuwa mtaa, na mtaa ndio uliopaswa kusikia.

Jioni, mabenchi ya Asia yalipojaa, Anatoli alisimama katikati ya barabara. "Jamani, nisikilizeni!" Vijiko vikatulia. "Mimi ni mgonjwa. Naharisha damu tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari, na mafuta na maharage vinaniumiza. Chakula cha mama Regina hakina kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi, niliyeona aibu kusema nikamwacha avunjiwe jina."

Mpagazi mmoja alicheka. Leonardi, dereva wa lori, akamwambia afunge mdomo, akabeba sahani yake, akavuka barabara na kuketi kwa Regina. Wengine wawili wakamfuata.

Regina alikuwa amesimama na upawa mkononi, machozi yakimtiririka, na matusi nayo. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Mwanamume mzima, mwalimu, anajiua kwa njaa nyumbani kwangu! Wali wa kuponda ungekushinda kutamka?"

Akainjika kisufuria pembeni. Mchele aliuchemsha mpaka ukalainika, akatia chumvi, samaki wa kuchemsha, hata tone la mawese hakutia. Anatoli alikula mbele ya watu wote, kwa uchu, bila kuhesabu matonge.

Alipofika nusu ya sahani, tumbo likanguruma. Zamani angejibana, atafute uongo, apitie uchochoroni. Sasa alisimama akasema tu, "Nakwenda chooni, narudi." Waliokaa kwenye benchi wakakunja miguu kumpisha, mmoja akampa kopo la maji. Regina akachukua sahani nyingine, akafunika kile chakula kilichobaki, kisipoe kabla hajarudi.